Ushanga Aliovaa Kanisani

Siku ya soko pale Mubi, barabara si ya gari tena, ni ya yeyote aliyewahi kuishika. Lori lililotoka Bukavu lilikuwa limesimama katikati, dereva akibishana na wapakuzi. Mama wa ndizi walikuwa wametandika mpaka karibu na matairi, na pikipiki zilipita palipobaki nafasi, piii, piii, huku matope yakiruka. Tumukunde alikuwa kwenye baraza ya duka la mjomba wake, Papa Sebahire, mguu kwenye pedali ya mashini ya kushona, akimalizia mikono ya bulauzi. Akasikia kitu kimepasuka. Kisha akasikia mtu akilaani kwa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyelelewa asilaani.

Alikuwa kijana mrefu juu ya pikipiki. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri sana, lakini buti zilikuwa zimejaa matope mpaka magotini. Mukaba wa mfuko wake ulikuwa umenaswa na chuma cha lori na kukatika. Akaukumbatia mfuko kama mtoto na kupanda barazani.

"Dada, bonjour. Pardon. Unaweza kunishonea huu mukaba sasa hivi?"

"Sasa hivi niko na bibi-arusi."

Kijana akageuka kushoto na kulia. "Simuone."

"Yuko mu hii bulauzi. Arusi ni kesho."

"Basi mwambie anisamehe kidogo. Mwambie muko na mugonjwa."

"Nani mugonjwa?"

"Huu mufuko. Hauone vile umevunjika bega?"

Tumukunde hakutaka kucheka, ila alicheka. Akauchukua mukaba, akabadilisha uzi, akatia mweusi na mnene. Kijana akabaki amesimama akiangalia vidole vyake, kimya, kama mtu anayeangalia kazi anayoiheshimu. Jambo hilo Tumukunde aliliona. Yeye ni mtu wa kuona. Maneno yake huja nyuma.

"Uko mwalimu?" akauliza bila kuinua macho.

"Niko munganga ku santé. Wamenileta hapa sasa tu. Lakini siku zingine nafundishaka ku masomo, kwa bakubwa ba secondaire."

"Unabafundisha nini, sindano?"

"Somo ya maisha."

"Maisha nayo inafundishwaka?"

"Yako nani alikufundisha?"

"Hii mashini," Tumukunde akajibu, akakata uzi kwa meno.

Jina lake lilikuwa Esdras, mganga mpya wa kituo cha afya. Alikuwa mtu wa Walikale, wa kijiji cha ndani ya msitu, na baba yake alikuwa mwindaji. Tumukunde alipomwambia kwamba yeye ametoka Kibabi, kule Masisi, kwenye milima na ng'ombe, kijana akarudi nyuma hatua nzima.

"Ng'ombe! Mi naogopaka ng'ombe."

"Na nyoka?"

"Nyoka nimezoea."

Akaomba namba ya telefone, eti apate kutoa habari kama mukaba umekatika tena. Mukaba haukukatika. Telefone ililia tu, jioni ile na jioni zilizofuata, saa Tumukunde anapofunika mashini na Papa Sebahire anapofunga milango ya duka.

"Allô, Tumukunde. Mukaba inakusalimia."

"Iko aje?"

"Iko na huzuni. Inasema tangu itoke kwako hakuna mwingine ameishika vizuri."

"Iambie iache bongo ya kunidanganya. Ni uzi ya nayloni, haina moyo."

"Mwenye kuivaa iko nayo."

Na hivyo hivyo. Jumapili wakawa wanatoka kanisani pamoja, yeye mbele kidogo na Esdras nyuma kidogo, mpaka watu wa Mubi wakazoea. Papa Sebahire akasema tu, "Huyu muntu wa pori anasalimia vizuri," na kwa mjomba yule, hayo yalikuwa mengi.

Jambo moja Tumukunde hakumwambia Esdras. Yeye aliishia shule ya msingi. Alipofika darasa la sita, dada yao mkubwa, Niyigena, alipata mimba akiwa mwanafunzi. Baba hakupiga kelele. Asubuhi moja alisema mabinti wote wabaki nyumbani, basi, ikawa imeisha, na yule mwenye kosa na wasio na kosa wakapewa jembe. Vita ilipowatawanya, Tumukunde alifika Mubi kwa mjomba na mdogo wao wa kike, Plamedi, akamwingiza Plamedi shuleni kwa jasho la mashini ile, na siku ya kwanza akamwekea sheria.

"Sikia vizuri. Siku nitasikia habari ya bijana, ata ya kuongea tu, unarudi kulima."

Plamedi aliitika. Tangu siku ile, nyumbani kwao habari hiyo haikutajwa kabisa.

Siku moja Tumukunde alikuwa anafua mashuka, akainua mto wa Plamedi, akakuta ushanga chini yake. Shanga ya kwanza nyekundu, moja tu. Baada yake za kahawia. Kisha nyeupe nyingi zimekaa pamoja upande mmoja, kisha tena kahawia. Na kapete kadogo keusi ka mpira kamevalishwa juu ya shanga moja nyeupe.

"Plamedi! Hii imetoka wapi?"

Plamedi alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Akauangalia ushanga, akauangalia uso wa dada yake, akaweka ndoo chini polepole.

"Ni... ni munganga Esdras alituma nikupatie. Nilisahau, dada."

"Alituma? Kwangu?"

"Eeh."

Tumukunde akaketi juu ya kitanda. Mkono wake, uliozoea kupanga vitu vizuri, uliona mara moja kwamba aliyetunga ushanga huu hakujua kupanga rangi. Nyekundu iko peke yake kama imepotea, nyeupe zimerundikana. Hakika ni mkono wa mwanaume uliouchagua. Akaupenda zaidi kwa hilo. Hakumpigia kusema aksanti. Aliona ni vizuri zaidi amwonyeshe. Akatafuta kikwembe cheupe chenye majani ya kahawia, akajishonea robe yenye mikono mipana na kola ndogo, yote ipatane na ushanga ule.

Jumapili akaingia kanisani hivyo, kichwa juu, ushanga juu ya robe mpya. Wanawake wawili wa benchi la nyuma wakagusana viwiko. Mmoja akaziba mdomo kwa kitambaa. Tumukunde akadhani ni robe, akanyoosha mgongo. Upande wa wanaume Esdras akageuka, akamwona. Kwanza mdomo wake ukabaki wazi. Kisha akatabasamu, uso wote, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayempa mwingine heshima. Tumukunde aliona joto limempanda mpaka masikioni. Mahubiri ya siku ile hakusikia hata neno.

Nje, Mama Joséphine-Marie, mkunga wa kituo cha afya, alimfikia wa kwanza, akicheka mpaka mabega yanatingishika.

"Eeh, Tumukunde mwanangu! Na kapete umekaacha ku nyeupe! Mwambie munganga ajichunge leo!"

Wanawake wakapasuka. Tumukunde akacheka nao kidogo, kisha akaacha.

"Ajichunge na nini, mama?"

Mkunga akamwangalia, na kicheko kikamtoka usoni. Akamvuta mkono pembeni, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita majina kwenye lango la maternité.

"Haujue? Hii ni ya kufuata siku za mwanamuke. Nyekundu ni siku damu inaanza. Kila siku unasogeza kapete. Ukifika ku nyeupe, njo siku za kushika mimba."

Papa Kanyamibwa, msimamizi wa kamati ya wazazi ya shule, alikuwa anavaa kofia yake hapo karibu. Aliacha kuivaa. Alisikia vyote.

Tumukunde akaondoka. Hakukimbia. Alifika nyumbani, akavua ushanga, akauweka ndani ya kopo la vifungo. Telefone ikalia.

"Sheri, leo umependeza mpaka—"

"Ulicheka."

"Nilicheka kwa furaha! Mwanamuke mwingine asingeweza—"

"Ulijua mi sitajua ni nini. Ukanipatia nivae, bantu banicheke."

"Nikupatie nini? Tumukunde, mi sikukupatia ushanga."

"Unaona! Mbele ya bantu unacheka, ku telefone unakana!"

"Ngoja kwanza, ngoja—"

Akakata. Telefone ikalia tena, na tena. Akaiweka chini ya kitambaa, na hapo pia ikaendelea kutetemeka kama mdudu. Siku zilizofuata Esdras alipita barazani mara mbili. Mara ya kwanza Tumukunde aliinamia mashini na kukanyaga pedali bila kitambaa chini ya sindano. Mara ya pili alimtuma Papa Sebahire aseme hayuko, na Papa Sebahire akatoka nje akasema, "Ameniambia niseme hayuko."

Katikati ya juma mjomba akarudi kutoka kwa kinyozi na habari ya mkutano wa Jumamosi.

"Kanyamibwa ameita bazazi, siku ya posho. Anasema byombo vya chumba ya kulala vimefika mpaka kanisani, sasa munganga asikanyage tena ku masomo."

"Aamue anavyotaka," Tumukunde akasema.

"Wakimukataa, hapa hana kazi. Alitumwa ju ya hiyo masomo. Watamurudisha Walikale, kule ndani."

"Arudi. Si njo kwao?"

Mjomba akaangalia kile alichokuwa anashona. "Mwanangu, huo mukono umeushona ndani-nje."

Ilikuwa kweli. Akachukua wembe, akaanza kufumua. Plamedi alikuwa amesimama nyuma yake na vitabu kifuani, sare yake ya bluu na nyeupe bado mwilini. Alikuwa amesikia. Alingoja mjomba aingie dukani.

"Dada."

"Nini?"

"Hakutuma." Machozi yakaanza kabla ya maneno. "Ushanga ni yangu. Alinipatia darasani, ju niliweza kueleza vizuri mbele ya benzangu. Nilidanganya."

Wembe ukasimama. "Ju ya nini, Plamedi? Umenipeleka kanisani na ile kitu! Nimemufukuza muntu wa watu! Ju ya nini haukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulisema ata ya kuongea tu, nitarudi kulima."

Aliikumbuka asubuhi ile ya Kibabi, sauti ya baba isiyopanda wala kushuka, jembe likiegemezwa ukutani. Sheria aliyomwekea mdogo wake ilikuwa ileile. Aliibeba mwenyewe kutoka mlimani, akaileta mpaka Mubi, bila kuiona.

Akalifungua kopo la vifungo, akatoa ushanga.

"Keti. Nifundishe."

"Dada?"

"Si ulieleza vizuri mbele ya benzako? Mi nashindwa na bale nini?"

Plamedi akafuta pua, akaketi juu ya ngazi, akaanza. Mwanzoni alinong'ona, kisha sauti ikamrudia. Alionyesha nyekundu, akasogeza kapete, akaeleza. Kisha akasema, "Lakini munganga alituambia, sisi ba masomo tusiitegemee hii. Siku zetu hazijatulia, zinaruka-ruka. Ni ya kujua mwili inatembea aje. Na haizuie magonjwa. Mwenye iko na swali aende ku santé, kuko vidonge, kuko kondomu, kuko muntu wa kumuuliza. Alisema ata mwenye hahitaji kitu anaweza kwenda kuuliza tu."

"Na weye, uko na swali?"

Plamedi alichezea kapete kwa muda.

"Niko nayo moja. Niyigena... yeye alijua hii?"

"Hapana," Tumukunde akasema. "Hakuna muntu alimwambia."

Jumamosi hiyo ya posho, wazazi walijaa darasa kubwa mpaka madirishani. Esdras alikuwa mbele, mfuko wake begani, ule mukaba wenye uzi mweusi. Alikonda kidogo, au ni shati. Papa Kanyamibwa alisema kwa utaratibu, maana hakuwa mtu mbaya. Ana mabinti wanne na usingizi wake si mwingi.

"Mi siko na kisa na munganga. Ila ukimufundisha mutoto namna ya kujikinga, ni kama umemwambia: njia iko wazi, pita. Leo ni shanga. Kesho atawaletea mipira na vidonge mu darasa. Tunaenda wapi?"

"Papa, njia iko wazi tangu zamani," Esdras akajibu. "Mi nabaonyesha mashimo tu. Na sijaleta mipira wala vidonge mu darasa. Nilichoomba ni hivi: mutoto akija kuuliza ku santé, asifukuzwe, na muntu asimutangaze."

Kelele zikapanda. Hapo Tumukunde akainuka kutoka benchi la nyuma. Alikuwa amevaa robe ile ile, nyeupe yenye majani, na ushanga juu yake. Kelele zikashuka zenyewe.

"Miye sina mutoto hapa, niko na mudogo," akasema. Sauti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Jumapili nilivaa hii kanisani. Mulinicheka. Mama Joséphine-Marie alicheka ju anajua ni nini. Papa Kanyamibwa, weye ulicheka?"

"Mi sikucheka. Nilikuwa sijui ni kitu gani."

"Basi tulikuwa babili."

Darasa likacheka. Hata Kanyamibwa alijikuna kidevu ili kuficha mdomo.

"Niko mukubwa, nashona robe za bibi-arusi benu, na nilikuwa sijui. Niliishia primaire. Kwetu, dada yetu alishika mimba ku masomo ju hakuna alimwambia kitu, na papa akatutoa sisi bote. Mimi sikuwa na kosa, nilikuwa na kalamu tu. Mukifukuza munganga, batoto hawataacha kukua. Ila siku ingine ikitokea, nani kati yenu atatoa binti zake bote, na bale hawakukosa?"

Akaketi.

Walibishana mpaka jua likaingia kwenye madirisha ya upande wa pili. Esdras hakupata yote. Somo litabaki, lakini mkunga awepo siku ya mabinti. Mipira na vidonge haviingii shuleni. Mwenye shida aende kituo cha afya mchana wa Jumatano, na mzazi yeyote asisimame langoni kuhesabu nani ameingia. Hilo la mwisho alilisema Kanyamibwa mwenyewe, akaongeza, "Na hizo shanga zisirudi kanisani."

Nje, Esdras alimkuta karibu na pikipiki.

"Pardon," Tumukunde akaanza. "Mudogo wangu alisema bongo, na mi sikukusikiliza."

"Umenifungia telefone mpaka nikaanza kuongea na mufuko."

"Ilisema nini?"

"Ilisema nivumilie." Akaacha kucheka. "Tumukunde, ile siku nilicheka, lakini nilizani umejua. Nilizani umeivaa ju ya kunisaidia, mbele ya bote. Nikasema, huyu mwanamuke hana woga. Sikufikiri ingine."

"Mi sikusoma, Esdras. Nilikuficha."

"Najua. Papa Sebahire aliniambia zamani."

"Na haukusema?"

"Ningesema nini? Mukaba ilishika."

Tumukunde akageuza uso upande wa barabara, ambako hakukuwa na kitu cha kuangalia. Esdras akakwangua matope ya buti kwenye jiwe, mguu mmoja, kisha wa pili.

"Kwa papa yako kule Kibabi, banaombaka nini? Ni lazima ng'ombe?"

"Ng'ombe."

"Nyama ya pori haiwezi? Kwetu njo heshima."

"Papa yangu hakulaka kima, Esdras."

"Na barabara ya Masisi haipitike sasa."

"Kila Jumapili anapandaka mulima kutafuta rezo ya telefone. Mupigie. Jitambulishe. Ng'ombe itangoja barabara."

"Na kama itanipiga teke?"

"Utazoea, kama nyoka."

Esdras alicheka mpaka watu waliokuwa wanatoka wakageuka. Kisha akaona aibu, akanyoosha mkono kwenye ushanga, kikazi kabisa.

"Sasa hii unirudishie. Jumatatu niko na darasa ingine."

Tumukunde akaurudisha nyuma kwa vidole viwili. "Ni ya Plamedi. Alieleza vizuri. Muombe yeye."

"Na weye?"

"Yangu utaileta pamoja na ng'ombe."

Akapanda nyuma ya pikipiki, akakusanya robe yake isiguse matope, akaushika mukaba mahali aliposhona mwenyewe.